Mama Idrisa, Majibu Yako Chanya

Mlipomwacha Bi Siti Jumapili iliyopita alikuwa ameshapiga kigelegele, na kigelegele kikitoka hakirudi kinywani.

Kwa aliyekosa gazeti, tupo bandarini Dar es Salaam, kwenye hema la kupimia, mbele ya meli ya kitalii iitwayo Zumaridi. Bi Siti, muuza khanga wa Kariakoo, anataka kufika Moroni kwa mdogo wake Fatuma, ambaye ni mgonjwa na sauti yake kwenye simu inazidi kuwa ndogo. Daktari wa masikio amemkataza Bi Siti kupanda ndege. Meli ya kumfikisha ni hiyo moja tu. Nesi alitoka hemani na kipimo cha korona mkononi, akaita, "Mama Idrisa, majibu yako chanya!" Bi Siti akashangilia.

Foleni nzima ya wanawake ikamwitikia. Hawakujua wanashangilia nini, lakini kigelegele cha mwenzako huwezi kukiacha peke yake.

"Siti!" Bi Agnesi, muuza mapazia, jirani yake wa kibanda na mwenzake wa safari, alimshika mkono. "Nyamaza! Chanya ni mbaya!"

"Mbaya tangu lini? Redioni kila asubuhi wanatuambia tuwe na mtazamo chanya."

"Huo ni mtazamo. Hii ni pua!"

"Sasa nilitakiwa niwe nani?"

"Hasi."

"Hasi? Kama dume la mbuzi lililohasiwa?"

Foleni ikacheka. Kisha foleni ikaelewa, na kicheko kikakatika. Watu wakarudi nyuma hatua moja, kila mmoja akivuta begi lake na mtoto wake. Mahali palipokuwa na wanawake wengi wakabaki Bi Siti na Bi Agnesi.

Mama mmoja muuza chai hakurudi nyuma. Alisukuma kiti chake cha plastiki kwa mguu mpaka kikamfikia Bi Siti. "Kaa, mama yangu. Habari kama hiyo haisikilizwi mtu kasimama."

Bi Siti akakaa.

Msimamizi wa lango akaja. Jina lake Polycarp, kijana wa kampuni ya meli, shati limenyooka kama karatasi, redio kiunoni.

"Mama, toka kwenye mstari. Na mwenzako."

"Mimi?" Bi Agnesi aliruka. "Mimi nimepimwa, nina hiyo hasi yenu!"

"Mnalala chumba kimoja. Mmoja akiwa chanya, chumba kizima kinabaki. Ndio utaratibu."

"Mwanangu," Bi Siti alisema kwa upole, "mimi sina homa, sikohoi. Nina mgonjwa ananingoja."

"Nakuelewa mama. Ila utaratibu."

Mnalijua neno hilo, wasomaji. Zamani utaratibu ulikuwa kwenda polepole na kwa adabu. Siku hizi utaratibu ni ukuta, na aliyeujenga hayupo.

Idrisa akapenya katikati ya watu. Huyu ndiye mwanawe wa pekee, anauza spea za pikipiki mtaa wa Gerezani, mdomo wake hauna breki.

"Kaka, unazingua. Mama yangu mzima kuliko wewe. Leo asubuhi kapandisha mabegi ghorofani na kuyashusha tena kwa sababu kasahau kanzu ya kusalia."

"Anayepinga majibu ana haki," Polycarp alijibu. "Apime tena kwenye maabara tuliyoikubali. Akirudi na hasi kabla ya saa kumi, anapanda."

"Maabara ipo wapi?"

"Kariakoo."

Bi Siti alimtazama Bi Agnesi. Kariakoo ndiko walikotoka alfajiri.

*

Walipata bajaji nje ya lango. Dereva, mtu mzima jina lake Fikirini, aliwasikia wakibishana kabla hawajaingia.

"Nani mwenye korona?"

"Mimi, wanasema," Bi Siti alijibu. Hakutaka kumficha mtu.

Fikirini alifikiri kidogo. Akafungua maturubai yote mawili ya pembeni, akayakunja juu na kuyafunga. "Pita bi mkubwa, kaa huku upepo unakopiga. Mimi nitatazama mbele."

Wakaondoka. Walipofika Gerezani, Idrisa hakuweza kunyamaza tena.

"Mama, hii ni dili ya watu. Wanapima ili wapate kupima. Mwaka ule si tulijifunika blanketi tukapiga nyungu tu? Mwarobaini, mchaichai, mvuke, basi! Nani alikufa hapa kwetu?"

Bi Siti alimfinya mwanawe paja mpaka akaruka.

"Zakayo," Bi Agnesi alisema, akitazama barabara. "Mume wangu alikufa."

"Mama Allen, nisamehe," Idrisa alimwambia. "Ulimi wangu huu."

"Alipigishwa nyungu kutwa nzima. Na waliokuja kumwona walikaa kitandani kwake, wakamshika mkono, wakarudi makwao. Wawili kati yao tukawazika vilevile. Ningekuwa na hicho kipimo mnachokicheka, ningefunga mlango."

"Na ungemfungia baba ndani peke yake? Afe hana hata mkono wa kushika?"

Bi Agnesi alishikilia kilemba chake upeponi. "Ningekaa naye mimi," alisema. "Wengine ningewakataza."

"Ndio hivyo sasa. Leo wanamkataza mama."

"Wanakosea namna, Idrisa. Hawakosei jambo."

"Namna ndiyo jambo lenyewe! Mtu mzima anasukumwa pembeni kama gunia la nazi!"

"Nyie wawili," Bi Siti aliwakatiza, "mnagombania pua yangu kama kiwanja cha urithi. Nina safari mimi."

Fikirini mbele alicheka mpaka bajaji ikayumba. Basi la mwendokasi likapita likiwapigia honi. Wakaingia Mtaa wa Msimbazi, na hapo foleni ikawameza.

Magari hayasogei. Mikokoteni haisogei. Mzigo wa ndoo umedondoka katikati ya njia na wenye ndoo wanagombana. Bi Siti aliona jua likiteremka ukutani, akahisi moyo wake unateremka nalo.

"Tutembee," alisema.

Wakatembea. Basi kutembea Kariakoo ukiwa unajulikana ni adhabu. Kila kibanda kina jicho.

"Bi Siti! Si umesafiri wewe? Meli imezama?"

"Haijazama. Nimesahau kitu."

"Umesahau nini?"

"Pua," alijibu Bi Siti, akapandisha barakoa na kuongeza mwendo.

*

Maabara ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la sufuria. Mpimaji alikuwa mpole. Alimpima, akaiwasha mashine yake, akawaambia majibu hayachukui muda.

Na kweli hayakuchukua.

"Hasi," mpimaji alisema. "Huna kitu, mama."

Bi Siti alifungua kinywa, akakifunga. "Hasi ndiyo ile nzuri?"

"Hapa ndiyo nzuri."

"Mnatuchanganya, wanangu. Alhamdulillahi. Nipe hiyo karatasi."

"Mtandao umekata, mama. Haitoki."

Idrisa alishika kichwa. "Bro, unayaona majibu kwa macho yako. Yaandike kwa kalamu."

"Naweza. Ila lazima muhuri."

"Gonga muhuri!"

"Muhuri upo kwenye droo ya bosi. Ufunguo anao bosi. Bosi kaenda kula."

Nani kati yenu hajawahi kusimama mahali kama hapo? Jambo lako limekwisha, kila mtu anajua limekwisha, na bado halijaisha.

Idrisa alishuka ngazi mbili mbili. Akazunguka kwa mama lishe mmoja baada ya mwingine akiuliza kwa sauti, "Daktari wa maabara yupo hapa? Daktari wa muhuri!" Akamkuta uchochoroni, tonge mkononi. Sijui alimwambia nini. Ninachojua ni kwamba bosi yule aliacha sahani yake ya ugali na samaki ikifuka moshi, akapanda ngazi akihema, mkono wa kulia umejaa mchuzi.

Akafungua droo kwa mkono wa kushoto. Akagonga muhuri kwa mkono wa kushoto. Akampa Bi Siti karatasi kwa mkono huohuo.

"Niwie radhi kukupa kwa kushoto, mama."

"Mwanangu, kwa leo hata ungenipa kwa mguu."

Fikirini alikuwa chini. Alikuwa ameacha abiria wengine, akazunguka njia za nyuma kuikwepa foleni, na injini ilikuwa inanguruma.

*

Walifika bandarini lango likiwa bado wazi. Abiria wengi walishapanda. Zumaridi ilisimama nyeupe, ndefu kama mtaa mzima, watu wakining'inia ukingoni juu wakijipiga picha.

Bi Siti alimkabidhi Polycarp karatasi kwa mikono miwili.

Polycarp aliisoma. Akaigeuza nyuma. Akaigeuza mbele.

"Hapa sasa kuna majibu mawili. Ya kwetu chanya, ya kwao hasi. Daktari wa meli anasema wao wanaamini kipimo chao tu."

Bi Siti alidhani hakusikia vizuri. "Si wewe uliyenituma Kariakoo?"

"Nilikutuma, ndiyo. Utaratibu umebadilika mchana huu."

"Umebadilika nikiwa njiani?"

"Mama, mimi siundi sheria. Pale lango linasema hivi, meli inasema vile, kampuni inapiga simu inasema lingine. Mimi nipo katikati."

"Hata mimi nipo katikati, mwanangu. Ila wewe umesimama kivulini, mimi juani."

Idrisa alianza kukunja mikono ya shati. Bi Agnesi akasimama mbele yake. "Ukimpiga, mama yako hapandi. Kunja ulimi badala ya shati." Kisha akamgeukia Polycarp. "Meli inaamini kipimo chake. Haya, mpimeni hapahapa na kipimo chenu. Nesi yule pale, hana kazi."

Polycarp alimpungia nesi mkono. Akaita.

Nesi Angela akaja mbio. Msichana mwembamba, macho yamechoka, barakoa imemchora mashavuni. Alipomwona Bi Siti alipiga goti kidogo.

"Shikamoo tena, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pua ni ileile, ingia."

Angela alitabasamu. Akafungua kipimo kipya, akatoa kalamu ya kuandikia jina juu yake.

"Mama Idrisa, eeh?" Akaandika, akanong'ona peke yake kama afanyavyo mtu aliyechoka. "Mama Idrisa. Leo imekuwa siku ya akina Mama Idrisa. Hii ya tatu."

"Ya tatu vipi?" Bi Siti aliuliza. "Mimi umenipima mara moja tu."

Kalamu ikasimama.

Angela alimtazama. Polepole akakishusha kile kipimo.

"Mama," alisema, "asubuhi hukuja mara mbili? Nilipokuuliza, 'Nikuite mama nani?'"

"Nilikuja mara moja. Nikakujibu, 'Mama Idrisa.'"

"Na kuna mama mwingine nilimuuliza vilevile." Alikigeuza kipimo mkononi. "Naye akasema Mama Idrisa. Niliandika vipimo viwili jina moja. Cha kwanza kikatoka hasi, nikaita, mama mmoja akaitikia akapanda; cha pili kikatoka chanya. Nikadhani ni mtu mmoja kapimwa mara mbili kwa haraka zangu. Nikaita cha mwisho."

"Kwa nini hukuandika majina yao kamili?" Polycarp alifoka.

"Nitamwitaje mtu mzima 'Siti, njoo hapa', mbele za watu? Kwetu sikufundishwa hivyo!"

Hapo jambo lote likawa wazi kama maji. Bi Siti hakuwa chanya hata mara moja. Chanya alikuwa Mama Idrisa mwingine. Na Mama Idrisa mwingine hakuwepo kwenye foleni, wala hemani, wala langoni.

Alikuwa melini.

Angela alimpima Bi Siti. Wakasubiri. Mstari mmoja. Hasi.

Idrisa aliinua ngumi juu. "Umeona, mama! Tupande!"

Na Polycarp, yuleyule wa utaratibu, akafanya jambo la ajabu. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akashusha sauti.

"Basi yamekwisha. Mama, panda. Na mwenzako. Nesi, tupa hivyo vipimo."

"Vitupwe?" Bi Agnesi aliuliza. "Na yule aliye ndani?"

"Mama, tafadhali. Ngazi inainuliwa sasa hivi."

"Kijana, mchana kutwa umetuzungusha jua kali kwa ajili ya mtu chanya. Sasa yupo ndani kweli, unamfunika?"

Polycarp alijifuta jasho. Hakumjibu Bi Agnesi. Alimwinamia Bi Siti.

"Mama, nisikilize. Nikisema juu kwamba kuna mgonjwa, nahodha ataogopa kukatazwa Moroni. Ataipita. Wewe si unaenda Moroni? Ukinyamaza, unafika. Hapa ninakusaidia wewe."

Bi Siti alikaa kwenye kile kiti cha plastiki. Muuza chai alikuwa amekiacha palepale.

"Mama, amka," Idrisa alisema. "Usifikirie. Panda tu."

Lakini Bi Siti alikuwa anamkumbuka yule mwanamke. Walikaa benchi moja asubuhi. Jina lake Swaumu. Alikuwa amejifunga khanga ya kisutu, mwenye uso wa huzuni na mikono ya ukarimu. Alimkatia Bi Siti kipande cha mkate wa kumimina, akampepea kwa pindo la khanga yake, akasema naye anaenda Moroni. Alikohoa mara moja, akasema ni vumbi. Bi Siti naye akasema, "Vumbi la bandari, dada, halina adabu."

"Alinipa mkate," alisema sasa.

"Mkate ndio nini, mama?" Idrisa karibu alie. "Mama mdogo Fatuma anakungoja! Leo asubuhi kaniuliza kwenye simu, 'Yupo njiani?' Nikamwambia yupo njiani! Nimwambie nini? Kwamba alikuwa mlangoni, akajizuia mwenyewe?"

Bi Siti alifumba macho. Alimwona Fatuma kitandani, kifua kikipanda kwa shida. Halafu akamwona Swaumu akiteremka Moroni na kikohozi chake, akiingia sokoni, msibani, harusini, mji uleule, hewa ileile ya Fatuma. Na Swaumu mwenyewe, akizidiwa katikati ya bahari, akiambiwa ni vumbi.

"Kosa ni langu," Angela alikuwa analia. "Mama, panda tu. Watanifukuza kazi, lakini panda."

Bi Siti alimshika mkono. "Wewe ulitaka kutupa heshima. Usilie." Kisha akasimama na kumtazama Polycarp. "Namwona ukingo wa pili pale juu. Aliyejifunga kisutu. Mwambieni daktari wenu, na mumteremshe kwa upole, ana moyo mzuri."

Idrisa aligeuka akapiga teke boksi tupu, likaruka mpaka kwenye kamba. Polycarp alivuta pumzi ndefu, akainua redio.

*

Habari ndani ya meli inakimbia kuliko moto wa makuti. Kabla daktari wa meli hajamaliza kumpima Swaumu upya, ukingo wote ulishajaa kelele.

"Tupimwe wote tena! Wote!"

"Tumepimwa mlangoni! Mnataka kutupima mara ngapi, sisi samaki wa soko la Feri?"

"Mimi nina watoto humu!"

"Na mimi nina likizo! Aliye mgonjwa ashuke, safari iendelee!"

"Leo yeye, kesho wewe! Utapenda ushushwe hivyo?"

Mzungu mmoja mzee na mkewe walikuwa wanagombana kwa lugha yao, mke amevaa barakoa, mume ameivua anaipunga hewani. Bi Agnesi aliwatazama akatikisa kichwa. "Kumbe si sisi tu."

Majibu yakaja kwa redio. Chanya.

Swaumu aliteremka ngazi peke yake, barakoa usoni, begi dogo begani. Wahudumu walimtangulia mbali. Walimsimamisha nyuma ya kamba ya plastiki nyekundu na nyeupe.

Bi Siti alisogea mpaka upande wake wa kamba. Angela alitaka kumzuia, akaona uso wake, akamwacha, akamwekea tu barakoa ya pili juu ya ile ya kwanza.

"Dada Swaumu."

"Wewe ndiye uliyenitaja?"

"Ndiye."

Swaumu alitikisa kichwa taratibu. Hakutukana. Ingekuwa afadhali angetukana.

"Sikujua kama ninaumwa," alisema. "Wallahi nilidhani vumbi. Ningejua nisingekupa mkate wangu."

"Najua."

"Idrisa wangu ameanguka kutoka kwenye jengo alilokuwa anajenga Moroni. Hajitambui. Wewe Idrisa wako yule pale, anapiga teke maboksi."

Idrisa alisikia, na mguu wake uliokuwa hewani ukashuka taratibu.

Ndipo vipaza sauti vya Zumaridi vikakoroma, na sauti ya nahodha ikatangaza kwa Kiingereza, halafu kwa Kiswahili cha mtu mwingine: meli inaondoka sasa, na kwa sababu za kiafya haitatia nanga Moroni. Itapita moja kwa moja.

Polycarp alimgeukia Bi Siti. Hakuweza kumtazama machoni.

"Mama, karatasi zako zote zimekubaliwa. Sasa unaruhusiwa kupanda."

"Kwenda wapi?" Bi Siti aliuliza.

Na kwa mara ya kwanza tangu tuanze hadithi hii, mwanamke yule mvumilivu alipaza sauti kwa hasira. "Niambie, kwenda wapi? Nikiwa mgonjwa hamnitaki, nikiwa mzima hamnifikishi! Nimesema uongo mahali? Nimemsukuma mtu? Nimepimwa na lango, nimepimwa na mji, nimepimwa na meli. Kumebaki nini kwangu ambacho hamjakipima?"

Polycarp aliinamisha kichwa. Hata walioko ukingoni walinyamaza.

Bi Agnesi hakunyamaza. Alikunja gauni lake, akapita pembeni ya Polycarp, akapanda ngazi ya meli kwa kishindo. "Mimi ni hasi!" aliwapigia kelele wahudumu. "Nipisheni! Nahodha yuko wapi? Nataka nimwone anayepita Moroni akiwa na macho!"

Wakampisha. Na mimi ningempisha.

Kamba za meli zilikuwa zinafunguliwa moja moja. Idrisa alikuja akasimama nyuma ya mama yake, mkono begani, akishindwa hata kulaumu.

Halafu kichwa cha Bi Agnesi kikatokeza juu ukingoni, kilemba kimekaa upande.

"Siti! Amekubali! Hataingia bandarini, ila atasimama nje na kushusha boti! Mtu mmoja tu, mwenye majibu hasi ya leo!"

"Nani?"

"Nani tena? Wewe! Panda!"

Idrisa alishanyakua mabegi yote mawili. Angela alikuwa anapiga makofi huku machozi yanamtoka. Bi Siti alifika kwenye ngazi, akaweka mguu wa kulia, akasema bismillahi.

"Dada!"

Alikuwa Swaumu. Alikuwa ameshika kamba ya plastiki kwa mikono miwili.

"Dada, madaktari wa Moroni hawawezi kumpasua mwanangu bila idhini ya mama yake. Simu hawaikubali. Wanataka mama afike mwenyewe, aseme mimi ndiye Mama Idrisa. Na hawajawahi kuniona."

Bi Siti aligeuka.

"Mama, twende," Idrisa alinong'ona.

"Wewe umesema ukweli," Swaumu alisema, "ukaniteremsha. Sasa nakuomba uongo mmoja tu: sema wewe ndiye mama yake, mwanangu apasuliwe."

Ngazi ikaanza kuinuka, na mguu mmoja wa Bi Siti ulikuwa bado chini.